Kuiendesha kompyuta ya Linux ukiwa mbali nayo

Kabla ya kusakinisha chochote, fungua terminali kwenye kompyuta itakayoendeshwa na uandike echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu likiwa x11 (mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), programu ya x11vnc, inayomwezesha mtu kuiona na kuiendesha skrini hiyo kutoka mbali, itakufaa. Likiwa wayland (mfumo mpya zaidi wa kazi hiyo hiyo), usijisumbue na x11vnc, kwani Wayland iliundwa makusudi ili programu moja isichungulie madirisha ya nyingine. Wengi huhangaika na skrini nyeusi kwa kutoanza na swali hili.

Mwenye Ubuntu 24.04 inayotumia Wayland hana haja ya programu ya ziada. Aingie Settings, kisha System, kisha Remote Desktop, awashe Desktop Sharing pamoja na Remote Control, la sivyo mgeni, yaani anayeunganishwa kutoka mbali, ataona skrini bila kuweza kubofya. Hapo hutumika itifaki ya RDP (kanuni za kuendeshea skrini kutoka mbali), mlango (port) 3389, na nenosiri lake ni tofauti na lile la akaunti.

Kwa x11, sakinisha kwa sudo apt install x11vnc openssh-server, weka nenosiri kwa x11vnc -storepasswd, kisha uwashe hivi:

x11vnc -display :0 -auth guess -rfbauth ~/.vnc/passwd -localhost -forever

Neno -forever huizuia programu isijifunge mgeni wa kwanza anapotoka. Lililo muhimu zaidi ni -localhost, linaloifanya isikilize maombi yanayotoka ndani ya kompyuta hiyo tu. Tahadhari hiyo si ya kupita kiasi: nenosiri la kawaida la VNC, itifaki inayotumiwa na x11vnc, huhesabiwa herufi 8 za mwanzo tu, hata ukiandika 20, na picha za skrini husafiri bila kufichwa. Kwa hiyo mlango 5900, unaotumiwa na x11vnc, usifunguliwe kamwe kwenye ruta. Mawasiliano yapitishwe ndani ya SSH, njia ya kuunganisha kompyuta mbili ambayo huficha kinachopita ndani yake. Kwenye kompyuta uliyo nayo mkononi, andika amri ifuatayo, ukibadilisha jina na anwani ziwe zako:

ssh -L 5901:localhost:5900 jina@192.168.1.20

Acha dirisha hilo wazi, fungua Remmina (programu ya kuonea skrini ya mbali), chagua VNC, na uandike localhost:5901. Mtandao ukiwa mzito, punguza ubora wa picha katika mipangilio ya Remmina. Maandishi yatasomeka vizuri tu, ingawa picha zitakuwa na mabaka.

Hayo yote yanatosha ndani ya nyumba au ofisi moja. Kompyuta inayopata intaneti kwa laini ya simu mara nyingi haina anwani yake ya umma, kwa kuwa kampuni huwagawia wateja wengi anwani moja, hivyo SSH kutoka nje haitaifikia. Katika hali hiyo ninapendekeza RustDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ambayo msimbo wake uko wazi: kila kompyuta hupewa namba yake ya kuunganishwa nayo, na asiyependa kutegemea seva ya wenyewe anaweza kusimika yake.

Mwisho, zima Automatic Suspend kwenye mipangilio ya umeme kabla hujaondoka, kwa maana kompyuta iliyolala haitaitikia amri yoyote kati ya hizi.