Tamthilia ya nyimbo Dar es Salaam: namna ya kuiandaa hadi kila neno lisikike

Katika mchezo wa kawaida, neno moja likipotea linalofuata huliokoa. Katika tamthilia ya nyimbo jambo zito huwa limewekwa ndani ya wimbo: hapo ndipo binti anaamua kuondoka kwao, hapo ndipo baba anakiri alichokificha. Maneno hayo yakimezwa na besi, hadithi imekatika, na mtazamaji wa safu ya mwisho atabaki kupiga makofi kwa sababu wenzake wanapiga. Basi kila hatua hapa chini, kuanzia ubeti wa kwanza hadi betri ya maiki, ipimwe kwa swali moja: je, neno linafika?

Hadhira ya Dar si ngeni kwa jukwaa lenye muziki. Vikundi vya Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) viliizoesha jioni moja yenye ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarab. Ila kule kila kitu kilikuwa na zamu yake. Igizo liliisha, taarab ikaanza. Hapa wimbo ndio igizo lenyewe, na kosa la kwanza la vikundi vingi ni kuuweka kama burudani ya katikati, wahusika wakasimama kusubiri muziki uishe ndipo waendelee kugombana.

Kila wimbo uwe na kazi

Soma onyesho zima kwa sauti, wimbo ukiwa umeondolewa. Kama hadithi inaenda vilevile, wimbo huo futa, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Wimbo unaostahili kubaki ni ule ambao mhusika anauanza akiwa hivi na kuumaliza akiwa vingine: aliyesita ameamua, aliyependa ameanza kushuku.

Kwa kikundi cha watu 10 hadi 14, onyesho la saa moja na nusu lenye nyimbo 9 au 10 linatosha kabisa. Wimbo mmoja uwe wa dakika mbili na nusu hadi nne. Ukipita nne, lazima kuwe na jambo linalobadilika kabla ya ubeti wa mwisho: mtu aingie, barua ifunguliwe, mdundo ugeuke. Kufikia wimbo wa tatu mhusika mkuu awe ameshaimba waziwazi anachokitaka. Watu wakishakijua, watamfuata hadi mwisho. Na kibwagizo kikirudi, kirudi kwa mdomo mwingine au katika hali nyingine. Maneno yaleyale aliyoimba mama akimbembeleza mtoto, binti akija kuyaimba peke yake kituoni, hayahitaji hata kubadilishwa.

Kama mnataka tamthilia ya nje, ya Marekani au Uingereza, anzeni na haki mapema. Nyingi husimamiwa na kampuni kama Music Theatre International au Concord Theatricals, na ruhusa ya kuonyesha si ruhusa ya kutafsiri: hizo ni barua mbili. Kuingiza watu bure hakuondoi wajibu wa kuomba. Kwa kikundi kidogo, kuandika yenu ni njia bora. Sababu si pesa tu, ni lugha, kama inavyoonekana hapa chini.

Mkazo wa Kiswahili ndio mwalimu wa tuni

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua kwa nini. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache kama lazima na Afrika, ambayo wengi huyakaza mwanzoni. Pigo zito la muziki likiangukia silabi nyingine, sikio husita, na wakati linasita mstari unaofuata umeshapita.

Chukua mstari huu: “Nangoja boti ya Pemba.” Ni mizani nane. Mkazo uko kwenye NGO, BO na PE. Tuni ikianza na pigo zito, mwimbaji atalazimika kusema NA-ngoja, na hapo mstari umepinda. Dawa ya kwanza ni kuitanguliza “na” kabla ya pigo, kama hatua ya kujiandaa kuruka, ili NGO ndiyo ikanyage pigo. Dawa ya pili ni kugeuza maneno: “Boti ya Pemba nangoja.” Bado ni mizani nane, lakini sasa mkazo uko silabi ya kwanza, ya nne na ya saba: BO-ti-ya, PE-mba-na, NGO-ja. Mstari umejipanga wenyewe katika mwendo wa tatu-tatu, ule wa mawimbi, na mpiga ngoma ataupata bila kuelezwa. Mstari wa kwanza unafaa mwendo wa nne, wa pili unafaa mwendo wa tatu. Kabla ya kumlaumu mtunzi wa tuni, geuzeni maneno mara mbili tatu namna hii.

Tuni zilizotungwa kwa Kiingereza zina shida yake. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mistari mingi huishia kwenye noti moja nzito. Neno letu haliishi hivyo. Linaisha kwa silabi nzito kisha nyepesi. Ukilibandika juu ya noti hiyo moja, silabi ya mwisho inanyanyuliwa kana kwamba mtu anapiga kelele sokoni. Igawe noti ya mwisho mara mbili: silabi ya pili kutoka mwisho ichukue urefu, ya mwisho iachiwe fupi. Na usijaribu kubeba maana yote ya asili. Maneno yetu yana silabi nyingi. Chagua wazo moja katika kila mstari, mengine yaache yafanywe na mwigizaji kwa macho na mikono.

Noti ya juu na ndefu ipe a, e au o: bahari, mama, moyoni. Vokali i na u zikipandishwa sana hupoteza umbo na kufanana na nyingine, hasa kwa sauti za wanawake, hata mwimbaji akiwa hodari. Na jihadhari na maneno kama mtu, mke na nchi. Mkazo wake uko juu ya m au n, na konsonanti hizo haziwezi kushikiliwa kwa nguvu zikasikika ukumbini. Yaweke katikati ya mstari, au yasukume mbele: “mtu huyu”, ili uzito uhamie kwenye “hu”.

Vina navyo. Mizani nane na vina vya shairi ni hazina, vitumieni. Ila vina vya -ni kwa kuongeza mahali (nyumbani, njiani, moyoni, machoni) ni rahisi mno. Beti mbili za hivyo na msikilizaji ameshajua mstari utaishia wapi, anaacha kusikiliza.

Sauti na mazoezi

Msichague kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, kwa kuiga rekodi. Wanawake wengi wasiofunzwa hutamka maneno vizuri kati ya A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda na C ya juu yake. Wanaume hukaa oktava moja chini, wengine wakifika D au E. Kama mnatumia biti iliyorekodiwa, kuipandisha au kuishusha nusu toni mbili kunavumilika. Zaidi ya hapo ngoma huanza kusikika kama mabati.

Waimbaji wengi wa Dar wamelelewa na kwaya na wanasoma nota za do, re, mi kuliko mistari mitano. Waandikieni hivyo. Lakini mwambieni aliyetoka kwaya kwamba hapa hatazami kiongozi na hasubiri ishara, na kwamba konsonanti inapaswa kutangulia pigo kidogo.

Wiki kumi zinatosha mkikutana mara tatu: jioni mbili za katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi. Foleni ya jioni haibishani na mtu. Anzeni saa 12:30 na wanaokaa karibu, wafanye nyimbo za watu wawili, kundi zima liitwe saa 1:15 baada ya Magharibi. Wiki tatu za kwanza ni nyimbo tupu, tena kila wimbo uanze kwa kusemwa katika mdundo bila tuni. Asiyeweza kuusema atauimba vibaya. Wiki ya nne hadi ya sita ni hatua za dansi, ya saba na ya nane mnaunganisha na mazungumzo, ya tisa mnaendesha mfululizo bila kusimama, ya kumi mko ukumbini.

Hatua zisifundishwe kabla wimbo haujakaa kinywani. Kipimo chake ni rahisi: waimbe wakikimbia palepale walipo dakika moja. Mstari unaokatika ndio unaohitaji hatua chache. Mtunzi wa dansi asiweke mruko juu ya neno lenye habari. Mruko uwe kwenye kiitikio ambacho watu wamekwisha kukisikia. Pimeni jukwaa halisi kwa futi na mlichore sakafuni kwa utepe siku ya kwanza. Kikundi kilichozoea uwanja mpana kikifika kwenye jukwaa la mita sita kitagongana, na aliyegongwa hamalizi mstari wake.

Mitambo

Maiki za kichwani zisizo na waya zikiwa sita kwa wachezaji kumi na wawili, andika jedwali: onyesho, jina, namba ya maiki, nani anampa nani na upande gani wa jukwaa. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo tu. Betri ziwe mpya au zilizochajiwa hadi mwisho kila onyesho. Joto la Dar huua maiki kwa jasho: kisambazaji cha kiunoni kifungeni ndani ya kondomu isiyo na mafuta, na kichwa cha maiki kikae shavuni au kwenye mstari wa nywele, kamwe si mbele ya mdomo. Wekeni maiki ya mkono inayowaka kila upande wa jukwaa kwa dharura.

Spika kuu zikae mbele ya wachezaji, si nyuma yao, la sivyo mtapata mlio mkali. Fundi afungue maiki ya anayesema tu. Wapendanao wakikumbatiana, maiki mbili zinasikia sauti moja na inatoka kama ya ndani ya bomba. Afunge moja mpaka waachane. Maneno yakififia, asikimbilie kupandisha waimbaji. Kwanza akate mvumo wa chini kwenye maiki zao, chini ya hezi 100 hivi, kisha apunguze kinanda na gitaa kati ya hezi 2,000 na 4,000, eneo ambalo konsonanti zinaishi. Ngoma kubwa ziende pembeni na zizungushiwe mablanketi.

Ukumbi wenye vigae na kuta tupu hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati. Ukisikia mkia, tafuta mapazia mazito, maana khanga ni nyepesi mno kuzuia kitu. Paa la bati halifai kati ya Machi na Mei, mvua za masika zikiligonga. Feni zinazogonga zirekebishwe au zizimwe wakati wa nyimbo za polepole. Taa na sauti zisichote umeme kwenye njia moja, vinginevyo mvumo wa taa utaingia kwenye spika. Mikisa (meza ya fundi wa sauti), vipokezi vya maiki na kompyuta ya biti vikae kwenye UPS, ile betri ya akiba, ili jenereta inapochukua nafasi onyesho lisianze upya.

Kabla ya kufungua mlango

Vibali vianze miezi miwili kabla. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inagusa jukwaa pia, kwa hiyo ulizeni Bodi ya Filamu, mkapite BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kwa wimbo wowote msioutunga wenyewe, COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Onyesho lianze saa 1:30 usiku na kumalizika kabla ya saa 3:30, watu wapate usafiri.

Mjiandae kwa kutunza, yaani mtazamaji kumpa mwimbaji pesa jukwaani. Mgeni aliyekolea atapanda na noti ya pesa mkononi katikati ya wimbo wa huzuni, na hakosei, ndivyo alivyofunzwa na taarab. Mtangazaji aseme mwanzoni kwamba wimbo wa mwisho ni wa kutunza, na wimbo huo uwe na kiitikio kinachoweza kurudiwa mara tatu, nne, maiki zikiwa zimeshamaliza kazi ya hadithi.

Jioni ya mazoezi ya mwisho, mwiteni mtu ambaye hajawahi kusikia nyimbo zenu, akae safu ya nyuma pembeni na daftari, aandike kila mstari anaoupata. Baada ya hapo linganisheni daftari na andiko. Penye pengo, tazameni kwanza mkazo, kisha hatua za dansi, kisha mikisa, kwa mpangilio huo, na mrekebishe usiku huohuo.