Jinsi ya kuchora jengo la mji kwenye bamba la shaba na kulichapa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea bamba alilolihangaikia siku 9. Alichora Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Unguja, kutokea bustani ya Forodhani, akifuata picha ya zamani, maana sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mkono wake ni mzuri. Zile nguzo za chuma za enzi ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, 1883, alizihesabu moja moja. Lakini chapa ilitoka nyeusi sawasawa: nguzo, anga, mapaa ya nyuma, vyote uzito mmoja. "Mwalimu, nimekosea wapi?" Nilimwambia mkono haukukosea, saa ndizo zilizokosea, yaani muda bamba lilivyokaa ndani ya dawa inayokula shaba. Nikakaa naye siku mbili, tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Bamba

Tafuta shaba nyekundu ya unene wa milimita 1 hadi 1.5. Usishawishike na zinki kwa sababu ya bei. Kwenye dawa nitakayoitaja inachemka na kutoa joto, na mistari yake inachakaa haraka mashineni. Kingo zipige tupa zilale mshazari, la sivyo zitakata karatasi na blanketi za mashine ya kuchapia. Piga msasa wa maji, kisha sugua kwa unga wa chaki na amonia kidogo. Mwagia maji: yakitandaa kama shuka, bamba ni safi. Yakijikusanya matone, bado lina mafuta.

Hatua ya 2: Kinga

Kinga ni tabaka linalozuia dawa isile shaba pasipochorwa. Mimi natengeneza mwenyewe: sehemu 2 za nta ya nyuki, 2 za lami ya unga ya wachoraji (ile ya barabarani haifai), 1 ya rozini (utomvu mkavu wa msonobari). Pasha bamba kwenye jiko la umeme, sambaza kwa rola, tabaka jembamba la rangi ya asali iliyoiva. Likiwa jeusi ni nene mno.

Kwa joto la pwani kinga hii haikauki ikawa ngumu kama vitabu vinavyosema. Kiganja chenye jasho kinainyanyua. Weka ubao mwembamba juu ya vipande viwili vya mbao, mkono uegemee hapo.

Hatua ya 3: Kugeuza mchoro

Chapa hutoka kinyume na bamba. Ukisimama Forodhani ukitazama mjini, Beit al-Ajaib iko kushoto na Ngome Kongwe kulia. Ukichora hivyo hivyo kwenye shaba, ngome itahamia kushoto, na mtu wa Unguja ataliona kosa hilo kabla hajaona kitu kingine. Chora kwanza kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, igeuze, halafu ndiyo unakili. Maandishi ya vibao yakague kwa kioo.

Hatua ya 4: Sindano

Natumia sindano nene ya cherehani iliyochomekwa kwenye mpini wa mti, ncha nimeipunguza ukali kwa msasa. Kazi yake ni kuondoa kinga tu, shaba ionekane. Usikandamize. Weusi wa mstari hautokani na nguvu ya mkono.

Hatua ya 5: Dawa

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka wangu wa kwanza, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Dawa ni feriki kloridi, ileile ambayo mafundi wa vifaa vya umeme huitumia kula shaba ya bodi za saketi. Asidi ya nitriki siingizi chumbani kwangu. Moshi wake wa kahawia unaumiza mapafu. Feriki haina moshi huo, lakini inachoma macho na kutia madoa yasiyotoka, basi miwani na glavu ni lazima. Ukinunua ya unga, tia unga kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya unga, maana inapata moto sana. Chombo kiwe cha plastiki. Mgongo wa bamba uzibe wote kwa selotepu pana.

Feriki inapokula shaba huacha tope linalojaa ndani ya mistari na kuzuia dawa isifike. Kwa hiyo laza bamba kifudifudi, pembe zake zikiwa juu ya vipande vya plastiki, tope lidondoke chini. Liingize kwa mshazari, hewa isinaswe chini yake. Povu moja dogo linatosha kukuachia dirisha lisilo na fremu. Asidi ya sitriki kidogo ndani ya dawa husaidia kuyeyusha tope.

Sasa saa. Mstari ukikaa muda mfupi unakuwa kijia kidogo, unabeba wino kidogo, unatoka kijivu. Ukikaa muda mrefu unakuwa mtaro, unatoka mweusi. Umbali wa mji unapatikana hapo. Piranesi, aliyechora Roma karne ya 18, aliyarudisha mabamba yake kwenye asidi mara kadhaa, na ndiyo maana mawe yake ya mbele ni mazito huku magofu ya mbali yanakaribia kufifia.

Unafanya hivi: ingiza bamba zima, litoe, suuza, kausha. Vitu vya mbali kabisa vizibe kwa vanishi. Rudisha. Toa tena, ziba vya kati. Rudisha. Cha mwisho kubaki ndani ni kivuli cha mlangoni.

Lakini dakika ngapi? Mimi nilifuata jedwali la mtu wa nchi ya baridi. Dawa yangu ilikuwa na joto la nyuzi 31, na joto huharakisha kila kitu. Mapaa ya mbali yalikuwa meusi kabla sijayaziba. Kibaya zaidi ni kivuli chini ya tao la lango. Nilikipiga mistari ya kukatizana, imebanana sana, nikakiacha saa mbili ili kiwe usiku mtupu. Kikatoka kijivu chenye mng'aro. Niliposhika lenzi nikaelewa: kuta ndogo za shaba kati ya mistari zilikuwa zimeliwa zote, pamebaki shimo pana lenye sakafu laini. Shimo pana halishiki wino. Kitambaa kinaingia na kuuchukua wote.

Tangu hapo siingizi bamba bila kipande cha majaribio. Kata shaba ya upana wa sentimita 2, ipake kinga ileile, ichore mistari ya kukatizana, ziba hatua kwa hatua: dakika 5, 10, 20, 40, 60. Ichape. Andika joto la dawa na umri wake. Dawa kongwe ni ya uvivu, hivyo rudia jaribio kila unapoanza bamba jipya. Kwangu, dawa mbichi siku ya joto, mbali ni dakika 8, kati 20, mbele 45. Namba hizi ni za chumba changu, usizinakili. Na kivuli kizito kipe nafasi kati ya mistari, kisha ongeza mistari mipya kwenye raundi ya pili ya kinga.

Dawa iliyochoka isimwagwe kwenye sinki. Inakula mabomba ya chuma na ina shaba ndani. Tia magadi taratibu, inatoa povu jingi, tope litulie, ulitenge.

Hatua ya 6: Kuchapa

Ondoa kinga kwa tapentaini, suuza kwa siki na chumvi. Karatasi ya pamba, gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba, iloweke saa moja. Jaza wino ndani ya mistari, futa uso wa bamba kwa shashi, malizia kwa kiganja chenye chaki. Kitambaa peke yake hakikupi anga safi. Mashine yangu aliitengeneza fundi wa kuchomelea kwa mabomba mazito mawili, inafanya kazi vizuri kabisa ukiweka blanketi za sufu.

Kijana wangu alivuta chapa ya pili Alhamisi jioni. Mapaa yalirudi nyuma, nguzo zikasogea mbele. Bamba tukalipaka mafuta mepesi na kulifunga kwenye karatasi kavu, maana hewa ya chumvi hapa inaigeuza shaba kuwa ya kijani ndani ya wiki chache.