Mtandao wa CAN kwa Arduino mbili: maliza waya kwanza

Mtandao wa CAN, yaani waya mbili ambazo vifaa kadhaa hupeana ujumbe kupitia hizo, ukigoma siku ya kwanza, usikimbilie kulaumu programu. Mara nyingi kasoro iko kwenye waya, na multimita itakuonyesha kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Tafuta bodi mbili za Arduino Uno, moduli mbili za MCP2515 (zinazoiwezesha Arduino kuzungumza CAN) zenye chipu ya TJA1050 (inayopeleka ishara kwenye waya), na jozi ya waya zilizosokotwa, mita moja au mbili. Kwa kila moduli, VCC iende kwenye volti 5, GND kwa GND, CS pini 10, SI pini 11, SO pini 12, SCK pini 13, INT pini 2. Halafu waya mbili za mtandao wenyewe: CANH kwa CANH, CANL kwa CANL. Usizipishanishe kama TX na RX (waya za kutuma na kupokea). Unganisha pia GND za pande zote mbili.

Sasa rezista, ambazo ndizo huwasumbua wengi. Laini hutaka omu 120 kila ncha: mbili tu, hata ukiongeza vifaa kumi katikati. Bila hizo, ishara ikifika mwisho wa waya hurudi nyuma na kuvuruga biti zinazoifuata. Moduli nyingi huja na rezista hiyo tayari, unaiunganisha kwa jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya J1. Zima umeme, pima kati ya CANH na CANL. Omu 60 ni sawa. Ukipata 120, ncha moja haina rezista. Ukipata 40, kuna ya tatu, iondoe. Washa umeme: laini ikiwa kimya, kila waya husoma takriban volti 2.5.

Kwenye programu tumia maktaba ya mcp_can, kasi CAN_500KBPS pande zote. Soma namba kwenye kristali, kile kikopo kidogo cha chuma kwenye moduli kinachoipa mapigo ya saa: 8.000 ni MCP_8MHZ, 16.000 ni MCP_16MHZ. Ukikosea hapa moduli itawaka bila kulalamika, ila kasi yake halisi itakuwa nusu au maradufu, na hakuna ujumbe utakaopita. Maliza kwa setMode ya MCP_NORMAL, yaani hali ya kazi ya kawaida.

Usijaribu na kifaa kimoja peke yake. Kila ujumbe lazima uthibitishwe na kifaa kingine. Usipothibitishwa, mtumaji huurudia bila kikomo, nawe utadhani moduli imeungua.

Ujumbe mmoja hubeba hadi baiti 8 tu. Vifaa viwili vikianza kutuma pamoja, chenye namba ndogo ya utambulisho hupita kwanza, kwa hiyo 0x100 ipe breki, 0x400 ipe kipimajoto. Namba moja isitumwe na vifaa viwili.