Kuchelewa shule huanza jioni: ninavyowaandaa wanangu watatu

Mwanangu wa kati alikuwa darasa la pili. Jioni moja nikafungua daftari lake la Kuhesabu, nikaanza kufuata tarehe kwa kidole. Jumatatu ipo. Jumanne hakuna kitu. Jumatano nusu ukurasa. Alhamisi hakuna. Nikamuuliza kulikoni. "Mama, nilikuwa naokota makaratasi." Waliochelewa walikuwa wanabakizwa nje kufanya usafi, na Kuhesabu ndicho kilikuwa kipindi cha kwanza. Miezi yote hiyo nilijua mtoto anasoma. Shule alikwenda kweli, ila hesabu za kutoa zilimpita, na aliyekuwa anamchelewesha ni mimi.

Nimeandika haya kwa mzazi mwenzangu anayeishi kama mimi: nyumba ya kupanga Mbagala, Dar es Salaam, wapangaji sita, bafu moja, mume mlinzi wa usiku anayerudi watoto wameshaondoka. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu muda kuanzia shuleni kurudi nyumbani. Shuleni kwa wale wawili wadogo saa moja kamili ni usafi, saa moja na nusu mstarini, saa mbili kipindi cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika saa mbili kichwani. Kisha nikatembea nao siku ya shule, kwa mwendo wao na si wangu: dakika 25, pamoja na kusubiri kuvuka Barabara ya Kilwa. Kwa hiyo kutoka mlangoni ni saa kumi na mbili na nusu, isizidi hapo. Nawe pima njia yako hivyo hivyo, na upime siku ya kazi, maana barabara ya Jumamosi haikuambii ukweli.

Baada ya hapo, kazi kubwa ni ya jioni. Kwa wiki moja niliandika kila kilichotuchelewesha asubuhi. Kilikuwa soksi, penseli, daftari lililobaki kwa jirani, chenji ya nauli. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kungoja alfajiri. Sasa kabla ya magharibi, kabla umeme haujakatika, kila mtoto anapanga begi lake kwa kufuata ratiba. Ratiba nimeinakili kwa kalamu ya wino mzito nikaibandika nyuma ya mlango. Penseli zinachongwa hapo hapo, viatu vinakaa juu ya begi, soksi ndani ya viatu. Wa kwanza, ambaye shule yake iko mbali, nauli yake ya shilingi 200 kwenda na 200 kurudi inawekwa kwenye mfuko mdogo wa begi ikiwa sarafu, ili asibishane na konda kuhusu chenji.

Sare nafua Jumatano na Jumamosi. Masika ikishika, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, nguo hazikauki, basi nafua mara tu mtoto anapovua, nakamua ndani ya taulo kavu, naanika kwenye kamba ya ndani, asubuhi napiga pasi. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu mwezi wa kwanza, nunua shati la pili. Litakusaidia kuliko begi jipya.

Usingizi ndio uliotushinda kwa muda mrefu. Sisi tunalala chumba kimoja chenye pazia katikati, na tamthilia nilikuwa naipenda. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Wangu naamsha saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo saa mbili na nusu usiku wawe wamelala, nayo ni saa 9 tu, kiwango cha chini kabisa. Televisheni nikaizima. Mashine ya kushonea nikaisogeza barazani. Wiki ya kwanza walilalamika, ya pili wakawa wanasinzia wenyewe.

Bafu tulikaa wapangaji tukaelewana: wenye wanafunzi tunaanza, na kila mtoto dakika tano. Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba kwanza, nikamwomba yeye alizungumze, kwa sababu likitoka kwangu lingekuwa ugomvi. Maji nachota usiku, kila mmoja na ndoo yake. Chai inalala kwenye chupa, na jiko la mkaa siwashi alfajiri isipokuwa wakiwa wanakunywa uji, maana mkaa wenye unyevu unaweza kula nusu saa nzima. Kiporo cha viazi au mhogo kinatosha. Lakini tumboni kiingie kitu.

Kuhusu daladala: makonda wengi hawataki wanafunzi saa za asubuhi, hilo linaniuma kila siku. Tulichofanya ni kumpeleka mtoto Rangi Tatu gari linapoanzia, badala ya kusimama kituo cha katikati ambako yanapita yamejaa. Anatoka dakika 15 mapema, lakini anapanda. Wadogo wanatembea kwa kundi, watoto saba wa mtaa wetu, na mkubwa wa darasa la sita ndiye anayehesabu vichwa kabla ya kuvuka. Mwezi wa saba saa hizo jua bado halijachomoza, ndiyo maana sikubali mtoto aende peke yake.

Sasa kuna siku mtoto anasema anaumwa. Homa, kutapika, kuhara: anabaki nyumbani, na kabla ya saa mbili namtumia ujumbe mwalimu wa darasa ili rejesta isimwandike mtoro. Lakini maumivu yakirudi siku ile ile kila wiki, chunguza. Binti yangu tumbo lilimuuma kila Alhamisi. Nilimpeleka zahanati, hana kitu. Siku moja tukiwa tunachambua mchele wawili tu, nikamuuliza Alhamisi kuna nini. Akaniambia ndiyo zamu yake ya maji, na dumu wanalompa la lita 20 hawezi kulibeba, wakubwa wanamcheka. Nikaenda kwa mwalimu wake kwa heshima, bila lawama. "Mwalimu, shikamoo, naomba abebe dumu la lita 5 kutoka nyumbani." Akakubali palepale. Tumbo halikuuma tena.

Fedha nazo zisimfungie mtoto ndani. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na mtoto hatakiwi kurudishwa kwa sababu ya mchango. Kama huna, mpeleke shule kwanza, halafu nenda wewe ukaongee.

Za likizo nitasema kwa kifupi: tukienda kijijini mwezi wa kumi na mbili, tiketi ya kurudi nakata siku ile ile ninayokata ya kwenda. Baada ya mwaka mpya mabasi yanajaa, na wiki ya kwanza ya muhula ndipo watoto wanapangiwa madawati na kupewa vitabu.

Ijumaa jioni nakaa na madaftari yote mapajani na kufuata tarehe kwa kidole kama nilivyofanya siku ile. Nikikuta pengo, namuuliza kwa sauti ya kawaida, na Jumamosi asubuhi anakwenda kwa mwenzake wa nyumba ya tatu kunakili, kabla ya mpira.