Pasipoti kwa mtu wa mpakani

Mimi ni mchapaji hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wateja wangu wengi wa pasipoti ya Tanzania wanatoka Kyela na Tunduma, na kinachowakwamisha mara nyingi si ada. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji: unalipa shilingi 20,000 kwanza, jumla 150,000, basi.

Kazi iko kwa mzazi. Cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA havitoshi. Wanataka na cheti cha baba au mama, na wazee wetu wengi hawana. Hapo panahitajika kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi, kwa wakili au mahakamani. Kabla muhuri haujagongwa, tandaza karatasi zote mezani, soma majina herufi kwa herufi. NIDA ikisema Elizabeth na cheti kikasema Elizabeti, jiandae kurudishwa.

Mama akiwa wa Karonga, ng'ambo ya Malawi, mwandike hivyohivyo, usimhamishie Ipinda, huku kwetu Kyela. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao, ila akifika miaka 18 achague. Umeshavuka umri huo na pasipoti ya Malawi iko mfukoni? Mimi mchapaji sikusaidii kitu, nenda kwanza ofisi ya Uhamiaji ya mkoa.