Chupa za barafu za deli la samaki

Nauza samaki Tanga, na deli langu linategemea chupa za maji za lita moja na nusu.

Usijaze chupa mpaka juu. Vitu vingi vikiganda hunywea, lakini maji hutanuka kwa karibu asilimia 9. Acha wazi kama mililita 150, kisha minya mbavu za chupa kidogo kabla ya kufunga kizibo. Chupa ya kioo usithubutu, itapasuka.

Gandisha usiku kucha, hadi katikati. Ukiitikisa ukasikia maji yanacheza, irudishe kwenye friza. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334, joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80! Kwa hiyo chupa ya maji baridi tu haifui dafu mbele ya barafu.

Toa matumbo ya changu na kolekole, suuza. Chupa chache chini, samaki katikati, nyingi juu, maana hewa baridi hushuka. Funika, na usifungue kila mteja anapotaka kuchungulia tu.

Mchana utaona kipande cheupe kikielea ndani ya chupa. Barafu ni nyepesi kuliko maji yake, na napenda sana jambo hili: ndilo linalofanya maziwa ya nchi za baridi yagande juu, samaki wakaishi chini. Chupa ya namna hiyo bado ina kazi. Iache mpaka kipande kiishe.