Simu inashika Wi-Fi, kompyuta ya mezani haishiki

Kabla hujagusa kompyuta, chukua simu. Zima data ya laini ibaki na Wi-Fi peke yake, kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Ukigoma, kompyuta haina kosa: kifurushi kimeisha, huduma imekatika, au ruta imeganda. Chomoa ruta kwenye umeme, subiri sekunde 30, irudishe, na uipe dakika 2 au 3 taa zitulie. Ukurasa ukifunguka, iache ruta kama ilivyo. Wapo wanaokimbilia kile kitundu cha sindano kinachoirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani. Wakimaliza, kompyuta bado haishiki, na sasa hata simu na televisheni zinadai nywila upya.

Swali la pili linaonekana la kijinga, ila linaokoa saa nzima: kompyuta yako ina Wi-Fi kweli? Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi zilitoka maofisini, ambako zilitumia waya, na nyingi hazina kadi ya Wi-Fi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Ukiona Ethernet bila Wi-Fi, ama kifaa hakipo, ama kipo lakini hakina draiva, yaani programu inayokiendesha.

Ili kujua ni lipi, fungua devmgmt.msc kwa njia hiyo hiyo utafute kifaa chenye alama ya mshangao ya njano; kisipoonekana, huenda kifaa hakipo. Kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Code 28 ni draiva haijawekwa. Code 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza. Hamishia adapta, yaani kile kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka USB, kwenye poti nyingine kabla ya kuhangaika na draiva. Code 43 ina maana kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu na Windows imekisimamisha. Kijaribu kwenye kompyuta ya jirani, na kikitoa kosa lile lile huko, nunua kingine.

Draiva unaipataje wakati intaneti ndiyo huna? Unganisha simu ya Android na kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi, itapitisha Wi-Fi hiyo hiyo, kwa hiyo hupotezi hata MB moja ya bando. Usitafute draiva kwa jina lililo kwenye boksi, maana adapta za bei nafuu hubeba majina kibao huku chipu ndani ni za kampuni chache. Kwenye sifa za kifaa, sehemu ya Details, chagua Hardware Ids: VID_0BDA ni Realtek, VID_148F ni Ralink. Baadhi ya adapta hujitokeza kwanza kama CD. Draiva imo humo humo, ifungue uisakinishe.

Ikiwa Wi-Fi ipo na majina ya majirani unayaona, ila la kwako halipo, huenda ruta inarusha GHz 5 na adapta inasikia GHz 2.4 tu. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika:

netsh wlan show drivers

Kwenye mstari wa aina za redio, ukiona 802.11b, g na n bila a, ac wala ax, GHz 5 haipo kwako. Washa GHz 2.4 kwenye ruta, na chaneli iwe 1, 6 au 11, kwa sababu kuna adapta zisizosikia chaneli 12 na 13. Jina likionekana lakini nywila sahihi inakataliwa, angalia ulinzi wa ruta. Adapta ya zamani haiijui WPA3, aina mpya ya ulinzi. Weka WPA2 ya AES. Amri ile ya netsh ikijibu kwamba wlansvc, huduma ya Wi-Fi ya Windows, haifanyi kazi, fungua cmd kama msimamizi uandike net start wlansvc.

Tatizo linalosumbua kuliko yote ni la kushika na kuachia, na hapo kosa huwa ni mahali adapta ilipochomekwa. Kile kiadapta kidogo kama ukucha kikikaa nyuma ya kasha, lile ambalo wengi huliita CPU, kinazibwa mbele na bati la chuma, nyuma na ukuta, na juu yake kuna meza. Poti za buluu, yaani USB 3.0, zina balaa jingine: zinapofanya kazi hutoa kelele za redio kwenye GHz 2.4. Intel ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Jipime mwenyewe: nakili faili kubwa kwenda diski ya nje iliyo kwenye poti ya buluu pembeni ya adapta, uone mtandao unavyolegea. Dawa ni waya wa kurefusha USB wa mita 1, uchomekwe kwenye poti nyeusi, na adapta ikae juu ya meza. Kama una kadi ya ndani, hakikisha antena zimefungwa nyuma. Bila antena itashika ruta iliyo chumba hicho hicho tu.

Ikiachia kila baada ya kimya cha muda, rudi devmgmt.msc, fungua adapta, na kwenye Power Management ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Imeunganishwa lakini hakuna intaneti? Andika ipconfig. Anuani inayoanza na 169.254 inaonyesha ruta haikutoa anuani: sahau mtandao, unganisha upya, au washa ruta upya. Ukiwa na anuani nzuri, tumia amri ya ping, inayopima kama anuani inajibu: ping ile ya Default Gateway, yaani ruta, halafu ping 8.8.8.8. Zote zikijibu na tovuti bado hazifunguki, DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anuani, ndiyo mbovu, weka 1.1.1.1 kama DNS. Amri ya netsh winsock reset, ambayo kila mtu huanza nayo, iache mpaka hapa.

Mwisho tazama saa ya kompyuta. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, tovuti za https zitakataa kwa kudai muunganisho si salama, ingawa Wi-Fi ni nzima. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha. Chomoa umeme, weka mpya upande wa + ukitazama juu, washa, ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, na urekebishe tarehe.